Fahamu: Homa ya msimu wa baridi Nairobi

Julai ikifika, madirisha ya matatu za Kawangware na Kangemi hufungwa huku abiria wakikohoa ndani. Homa hii huletwa na virusi, kwa hiyo kapsuli za amoksisilini haziiponyi, hata ukiuziwa dukani. Pumzika, kunywa maji na supu, meza paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa. Mtoto asipewe aspirini. Tangawizi, ndimu na asali hutuliza koo, ila asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1.

Na tafadhali, usilale na jiko la makaa chumbani ili kumpasha mgonjwa joto. Hata makaa yakiwa mekundu bila moshi, hutoa hewa ya sumu isiyonuka, inayoua watu usingizini. Mgonjwa akihema kwa shida, mpeleke hospitali mara moja.