Wanaouguza Nyumbani Bila Malipo (2): Nani Bado Yuko Nje?

Wiki iliyopita tulitazama mzigo wenyewe: kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumgeuza usiku, kumpeleka kliniki. Leo tuigeukie sheria. Mfano wetu ni Uingereza. Sensa ya 2021 ilionyesha kuwa England na Wales pekee zina watu wapatao milioni 5 wanaowahudumia jamaa na marafiki bila ujira.

Posho yao ilianza mwaka 1976, lakini wanawake walioolewa hawakuhesabiwa. Serikali iliona kwamba mke wa mtu angekaa nyumbani vyovyote vile. Jacqueline Drake, aliyeacha kazi mwaka 1984 ili amtunze mama yake, alinyimwa kwa sababu hiyo tu. Alishtaki, na Juni 1986 Mahakama ya Ulaya huko Luxembourg ikampa haki. Mwaka 2008 mahakama hiyohiyo iliamua katika kesi ya Sharon Coleman, mama wa mtoto mwenye ulemavu, kwamba ni marufuku kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu wa mtoto anayemlea.

Kesi zote mbili zinafundisha jambo moja: sheria za namna hii hupanuka pale aliyesahauliwa anapodai. Je, leo amesahauliwa nani?

Huko England na Wales, posho inadai uhudumu saa 35 kwa wiki, na mgonjwa mwenyewe awe tayari analipwa fedha za ulemavu. Hapo ndipo familia nyingi za wahamiaji hukwama. Mzee asiyejua Kiingereza hajawahi kujaza fomu ya kuomba fedha hizo; kwa hiyo binti anayekesha naye hana pa kuanzia. Anayewauguza wazazi wawili hupata posho moja. Mwanafunzi wa muda wote hapati. Mwenye viza inayomkataza fedha za umma naye hapati, hata awe analipa kodi.

Hata hivyo, Sheria ya Huduma ya 2014 inaitaka halmashauri ya England kupima mahitaji ya yeyote anayeonekana kuhitaji msaada kwa sababu ya kuuguza, bila kujali kipato chake. Tena huduma hizo hazimo katika orodha ya fedha za umma zinazokatazwa kwenye viza. Wengi hawaijui haki hii kwa kuwa hakuna aliyewaeleza kwa lugha yao.

Kwa hiyo msaada wa kwanza si fedha mpya. Ni kuipeleka habari msikitini, kanisani na kwenye vyama vya jamii, kumsaidia mgonjwa kujaza fomu yake kwanza, na kuweka mkalimani wa kulipwa. Mtoto wa miaka kumi hapaswi kumtafsiria mama yake habari za saratani mbele ya daktari.

Wiki ijayo: watoto wanaouguza wazazi wao.