Fahamu: Kwa nini sukari moja ina mishahara miwili Kakamega?

Mkata miwa na kibarua wa kiwandani wanatumikia sukari ile ile, lakini sheria ya Kenya inawaweka kwenye madaraja tofauti.

Serikali hutangaza kima cha chini cha mshahara kwa amri mbili: ya kilimo na ya kazi nyinginezo. Kuanzia 1 Novemba 2024, mfanyakazi wa shambani asiye na ujuzi hakupaswa kulipwa chini ya shilingi 7,997 kwa mwezi. Kibarua katika miji iliyokuwa manispaa, Kakamega ikiwa mojawapo, alistahili karibu 14,867, mbali na marupurupu ya nyumba. Nairobi ilikuwa 16,113.

Je, majirani?

Amri ya Tanzania ya 2022 iliweka shilingi 140,000 za nchi hiyo kwa kilimo, 150,000 kwa viwanda na biashara, na 592,000 kwa taasisi za fedha. Mfanyakazi wa kiwandani huko alimzidi wa shambani kidogo tu. Wa benki aliwaacha wote mbali. Uganda bado ina kiwango cha 1984: shilingi 6,000.

Hata hivyo, kima cha chini humfaa aliye kazini. Kampuni ya sukari ya Mumias Sugar ilipowekwa chini ya mrasimu (msimamizi wa mali ya kampuni iliyoshindwa kulipa) mwaka 2019 kwa sababu ya madeni, mamia ya familia Kakamega zilibaki bila mshahara wowote.