Ol Doinyo Lengai na picha zilizopitwa na wakati

Anayepanga kupanda Ol Doinyo Lengai, volkano hai ya mita 2,962 kusini mwa Ziwa Natron, kwa kawaida huulizia moto kwanza. Mimi ningemwambia aanze kwa kutupa picha za zamani. Nyingi zinaonyesha watu wakitembea, hata kupiga hema, ndani ya kasoko iliyojaa zaha iliyoganda hadi ukingoni. Kasoko ile haipo tena. Julai 2007 ardhi ya eneo hilo ilitetemeka kwa wiki kadhaa, na tetemeko moja likafikia kipimo cha 5.9. Septemba mlima ukalipuka kwa nguvu, na hadi milipuko ilipotulia mwaka uliofuata, palipokuwa na sakafu pakawa shimo lenye kuta za wima. Humo hakushukwi. Ukingoni nako unaweza kukanyaga majivu yaliyoshikana juujuu tu, huku chini yake pameliwa. Kwa hiyo picha ya kujionyesha pembeni ya shimo iache.

Zaha ya Lengai nayo ina vituko vyake. Imejaa kaboneti za sodiamu na potasiamu, jamaa wa magadi tunayoyajua jikoni (moja ya madini yake huitwa nyerereite, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere), na joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 hivi, takriban nusu ya zaha ya volkano nyingi. Mchana haiwaki wekundu. Hutiririka nyeusi kama tope la mfereji, na mgeni anaweza asijue kuwa inaunguza. Ikipata unyevu hugeuka nyeupe, lakini weupe huo haukuhakikishii kwamba chini ya ganda pamepoa.

Safari huanza usiku wa manane, na si kwa ajili ya kuwahi macheo tu. Njia haina mti wala maji, na jua la Natron halina huruma. Kupanda huchukua kama saa tano au sita, kwa hiyo lita tatu za maji kwa kila mtu ni kiwango cha chini. Kubalianeni mapema saa ya kugeuza, mmefika kileleni au hamjafika.

Kushuka ndiko kunakonitia hofu zaidi. Magoti yamechoka, mteremko ni mkali mno, na jiwe moja likiponyoka huenda kwa kasi hadi kwa aliye chini. Vaeni kofia ngumu, msifuatane wima mmoja chini ya mwenzake, na kwenye korongo jembamba mpite mmoja mmoja. Glavu ni za lazima, maana mikono itafanya kazi sawa na miguu. Masika ahirisheni.

Vumbi la mlima huu huwasha macho, basi miwani ya kufunga na barakoa visikosekane. Upepo ukigeuka na kuwaletea moshi wa kasoko, ondokeni hapo hapo.

Mwongozaji awe mwenyeji wa kijiji cha Engare Sero. Kabla ya kuulizia bei, muulize alipanda lini mara ya mwisho, aliona nini kasokoni, na kama wiki hii ardhi imetikisika. Dereva naye alale chini ya mlima na gari lake, tangi limejaa: mtu akivunjika mguu, hospitali iko mbali na barabara ni ya vumbi na mawe.