Jambazi Maana Yake Nini?

Neno jambazi tunalisikia redioni na kwenye mikutano ya kijiji. Je, limetoka wapi? Si la Kisukuma.

Ni neno la Kiajemi, lugha ya watu wa Iran. Wahindi walilichukua, nao hutamka "janbaz". Jan ni roho, yaani uhai. Baz ni mchezaji. Basi janbaz ni mtu anayeichezea roho yake kama kamari. Wafanyabiashara wa Kihindi walituletea maneno mengi, kama gari, chapati na laki. Huenda jambazi nalo lilipita njia hiyo.

Ajabu ni kwamba kwa Wahindi hilo si tusi. Askari shujaa ndiye janbaz. Mnyang'anyi wao humwita daku. Na sisi daku ni chakula cha usiku wa Ramadhani! Neno jambazi liliposafiri lilibadilika maana.

Kwetu lilibaki na ubaya tu. Mwizi huja umelala, akisikia mbwa hukimbia. Jambazi hakimbii mbwa. Huvunja mlango kwa lile jiwe kubwa wanaloliita fatuma, ana bunduki au panga, naye anataka umwogope. Mahakamani kosa lake huitwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kifungo chake hakipungui miaka 30.

Usukumani tuliwajua vizuri baada ya vita ya Uganda ya mwaka 1978 na 1979. Bunduki zilizagaa, ng'ombe wakaibiwa zizini mchana kweupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa upande wa Kahama wakaanzisha Sungusungu, jina la wale siafu weusi wanaouma. Jeshi hilo likaenea upesi mpaka huku kwetu. Mwano ukipigwa, kila mwanamume hutoka na upinde na mishale. Mwaka 1989 sheria ikawatambua.

Sasa fikiri. Ukipiga mwano usiku hapa Lagangabilili, ukataja jambazi, watu hawaji kuuliza maswali. Wanakuja na mishale. Na aliye zizini pengine ni mgeni aliyepotea njia, au mlevi wa jirani.

Kwa hiyo taja ulichokiona kwa macho: watu wangapi, wameshika nini, wameelekea wapi. Aliyekamatwa na kuku mkononi ni mwizi. Huyo mpelekeni kwa mtendaji wa kijiji akiwa mzima.