Mpingo, zumari za Waskoti na hesabu za misitu ya Katavi

Kila mwezi wa Agosti bendi za zumari za mfuko hukusanyika Glasgow, Uskoti, kuwania ubingwa wa dunia. Mpigaji hubana mfuko kwapani na pumzi ikagawanyika: bomba moja huchezwa kwa vidole, na mengine matatu yaliyoegemea bega huvuma bila kukatika. Kwa sehemu kubwa mabomba hayo hukerezwa kwa mpingo, na mpingo unaofika kwenye karakana za ala za muziki duniani hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Kwa hiyo muziki wa Waselti, yaani Waskoti, Waayalandi na jamaa zao wa Wales na Bretagne, una ghala lake la malighafi kwenye mapori ya upande wetu. Cha kuuliza ni nani analipwa, na kama mkoa wa misitu kama Katavi una chochote cha kuvuna humo.

Mafundi wa Uskoti hawakuanza na mpingo. Walitumia miti ya kwao, baadaye miti iliyoletwa na meli kutoka Karibi, hadi ile nayo ikaadimika. Mpingo ukachukua nafasi kwa sifa ambazo seremala yeyote wa Mpanda anazijua kwa kuharibu misumeno yake: mzito kiasi cha kuzama majini, una mafuta yake ya asili, na ukikerezwa hutoa ukingo mkali kama chuma. Pumzi ya mpigaji ina unyevu, na mti laini huvimba na kupoteza sauti. Mpingo hustahimili. Filimbi za mbao za Kiayalandi, kama za aina anayopiga Matt Molloy wa kundi la The Chieftains, nazo leo hutengenezwa zaidi kwa mti huu. Vijana wa Red Hot Chilli Pipers, kundi lililoanza mwaka 2002, wameibeba zumari hadi kwenye majukwaa ya roki.

Lakini tusidanganywe na umaarufu. Soko hili ni dogo. Wanunuzi wakubwa wa mpingo ni viwanda vya klarineti na oboe, na zumari zinafuata kwa mbali. Halafu mti wenyewe ni mkaidi: hupinda, huwa na mifereji kwenye shina, mara nyingi moyo wake una uwazi au ufa. Katika gogo zima, takribani sehemu moja ya kumi tu ndiyo hufaa kwa ala. Mti huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia umri wa kuvunwa. Baada ya kupasuliwa, vipande hupakwa nta kwenye ncha visipasuke, kisha hukaushwa polepole, na mafundi wengi wa Ulaya huviweka tena miaka kadhaa kabla ya kuvigusa. Seti mpya nzuri ya zumari huuzwa zaidi ya pauni 1,000. Ndani ya bei hiyo mti ni sehemu ndogo. Kinacholipwa zaidi ni muda, mkono wa fundi na jina la karakana.

Nani basi amewahi kupata fedha ya maana akiwa upande wa msitu? Jibu liko Kilwa. Kule shirika la MCDI, lililoanza likiwa mradi wa kuhifadhi mpingo, lilisaidia vijiji kutenga misitu yao kisheria, na mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vikaingia kwenye cheti cha kimataifa cha FSC, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ndiyo iliyofungua mlango: kijiji chenye msitu wake wa hifadhi kinabaki na mrabaha badala ya kuupeleka serikali kuu. Kampuni ya Yamaha ya Japani, inayotengeneza klarineti, nayo imeshirikiana na MCDI kuotesha miche na kuchunguza mti huo. Mnunuzi anayekuja hadi shambani ana hofu ya kukosa malighafi kesho, na hofu hiyo ni mtaji kwa mwenye msitu.

Upande wa makaratasi nao una somo la biashara. Kuanzia Januari 2017, mpingo na karibu jamaa zake wote wa jenasi ya Dalbergia waliingia kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na wauzaji wa ala duniani wakalazimika kutafuta vibali kwa kila shehena. Kelele zilikuwa kubwa. Mwaka 2019 ala zilizokamilika, pamoja na sehemu zake zilizokamilika, zikasamehewa. Gogo, ubao na kipande ghafi hazikusamehewa. Maana yake, mzigo wa vibali umebaki kwa anayeuza mti, na anayeuza bomba lililokwisha kukerezwa amepunguziwa kero. Sijui kwa nini wenye viwanda vya mbao nchini hawalisemi hili kwa sauti.

Tuje Mpanda, makao makuu ya mkoa wa Katavi. Mkoa huo ulikuwa sehemu ya Rukwa hadi mwaka 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.1, zaidi kidogo ya mara mbili ya wale 564,000 wa mwaka 2012. Ongezeko hilo limeleta mifugo, mashamba ya mahindi na mpunga, na mabani ya tumbaku yanayokula kuni. Mti ukikatwa huku huwa ni mninga kwa samani na milango, au mkurungu, ambao miaka ya karibuni uliwavuta wanunuzi wa Asia na kuleta uvunaji haramu hadi nao ukawekwa chini ya CITES. Mkurungu ulitoka ukiwa gogo na mbao nene. Fedha ya kuongeza thamani ilibaki ng'ambo. Mpingo ukiingia kwenye njia hiyohiyo, utaisha kwa kasi zaidi, maana ni mchache na unakua polepole zaidi.

Umbali nao ni gharama. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, iliyojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya mgodi wa risasi, ina urefu wa kilometa 210, na kutoka hapo hadi bandari ya Dar es Salaam safari nzima inapita kilometa 1,000. Kilwa iko karibu zaidi, na wanunuzi wa ala tayari wanaijua njia. Kusafirisha gogo ambalo sehemu tisa za kumi zitatupwa, kwa umbali huo, ni biashara ya kuhasirika. Vipande vichache vilivyochambuliwa, kupakwa nta na kukaushwa vinaweza kuhimili nauli.

Hata hivyo, Katavi ina kitu ambacho Kilwa ilikikosa ilipoanza: mfano wa kuiga. Wilaya ya Tanganyika ina vijiji vinane vya milima ya Ntakata, vyenye zaidi ya hekta 200,000 za msitu, ambavyo vimeingiza mabilioni ya shilingi kwa kuuza hewa ukaa kupitia kampuni ya Carbon Tanzania. Fedha hiyo imejenga madarasa na zahanati, na bima za afya zimelipiwa. Ili kufika hapo vilihitaji mipango ya matumizi ya ardhi, mipaka iliyokubaliwa, na askari wa misitu wa kijiji. Hivyo ndivyo vitu vilevile ambavyo mnunuzi wa mpingo mwenye cheti huulizia kwanza. Ila ndani ya msitu wa mkataba wa hewa ukaa kuvuna hakuruhusiwi kiholela, kwa hiyo mpingo ungetafutwa kwenye misitu mingine ya vijiji, kwa mfano upande wa wilaya ya Mlele, na kwanza kwa kuhesabu miti: mingapi, minene kiasi gani, minyoofu mingapi. Bila orodha hiyo hakuna mnunuzi wa ala atakayekaa mezani, na mwenye lori la usiku atakuwa amekwisha kufika.