Taa za Pikipiki na Haki ya Anayekuja Mbele



Baada ya darasa la akina mama, mama mmoja wa mtaani petu alibaki nyuma, akaniuliza suala ambalo sikupata kuulizwa katika miaka yote niliyokaa kwenye mkeka. Mwanawe huendesha bodaboda, na aghalabu hurejea nyumbani usiku. Kijana alikuwa amemwomba shilingi 3,500 katika zamu yake ya chama, anunue taa mbili za nyongeza za kufunga kwenye pikipiki. Mama hakuwa bahili. Lililomsumbua ni kwamba majirani wamekwisha kunung'unikia taa za vijana hawa, na yeye mwenyewe alikwisha kufunikwa macho nazo njiani. "Sheikh," akasema, "nikimpa fedha hizi kisha mtu akaumia kwa taa ile, si nami nitaulizwa?"

Nilimwomba anipe muda wa juma moja. Hukumu ya jambo lenye kudhuru watu naijua tangu utotoni. Nisichokijua kilikuwa taa zenyewe, na mtu hatoi jawabu la kitu asichokijua. Basi nikaenda kwa mafundi, nikakaa, nikauliza kama mwanafunzi.

Suala lile lilinigusa kwa sababu ya jambo nililolishuhudia Ramadhani iliyopita. Tulikuwa tumetoka kwenye tarawehe, na akina mama wakivuka barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, mahali pasipo na taa ya barabarani hata moja. Ajuza mmoja alikuwa ameshikwa mkono na mjukuu wake, wote wawili wamevaa mabuibui meusi. Pikipiki ilikuja kutoka upande wa Ukunda, na nyingine ikaja kutoka upande wa pili, yenye taa nyeupe kali. Yule wa kwanza alifunga breki akasimama karibu mno na ajuza yule, hata ncha ya buibui lake ikagusa gurudumu. Kijana alishuka akitetemeka. "Wallahi sikuona mtu," akasema. "Niliona weupe tu."

Alisema kweli. Jicho katika giza hufungua mboni yake likusanye nuru kidogo iliyopo. Likipigwa ghafla na mwanga mkali, huchukua sekunde kadhaa kabla ya kuona tena. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde tatu za upofu ni mita 50, na ndani ya mita 50 kuna watoto wa madrasa, kuna mkokoteni, kuna mbuzi wa watu. Kwa wazee hali ni nzito zaidi, hasa mwenye mtoto wa jicho, kwa kuwa ukungu ule wa ndani ya jicho hutawanya mwanga na kumfanya aone moto mtupu mbele yake.

Hata hivyo, haifai kumwambia kijana aendeshe gizani. Kuonekana ni nusu ya salama yake. Mwaka 1981 mtafiti wa Marekani, Harry Hurt, alitoa uchunguzi wa ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, na sababu kubwa aliyoikuta katika ajali za pikipiki kugongana na magari ni kwamba mwenye gari hakuiona pikipiki. Ndugu zetu wa Malaysia, nchi yenye pikipiki nyingi mno, waliweka sheria mwaka 1992 kwamba pikipiki iwashe taa yake hata mchana. Basi taa ni jambo jema. Neno liko katika taa gani, imefungwa wapi, na inaelekea wapi.

Fundi wa kwanza niliyemwendea, mzee wa makamo mwenye mikono iliyojaa grisi, alinicheka kwa adabu. Akaniambia nusu ya vijana wanaokuja kutaka taa mpya hawana haja nazo. Kioo cha taa kubwa kimekuwa cha manjano kwa jua na vumbi, kisahani cha ndani kinachorudisha mwanga kimeliwa na hewa ya bahari, balbu imechoka, na taa yenyewe inaangalia mbinguni. Kioo husuguliwa kikang'aa, au hubadilishwa kwa gharama ndogo kuliko taa mbili za nyongeza. Na kuelekeza taa hakugharimu hata senti.

Alinionyesha namna yake, nami naiandika kwa sababu mama yeyote anaweza kuisimamia uani kwake. Pikipiki isimamishwe mahali tambarare, mita tano kutoka ukutani, ikiutazama ukuta. Pimeni urefu kutoka ardhini hadi katikati ya taa, kisha mpige mstari wa chaki ukutani kwa urefu huo huo. Mwendeshaji apande, na abiria apande nyuma yake. Hapa ndipo wengi hukosea: abiria akikaa, springi za nyuma hubonyea, pua ya pikipiki huinuka, na taa iliyokuwa sawa mchana ikawa ya kupofusha watu usiku. Sasa washeni taa ya chini, ile vijana waiitayo dimu. Ukomo wa juu wa mwanga mkali uwe chini ya mstari wa chaki, kadiri ya sentimita tano hadi nane. Ukiwa juu ya mstari, skurubu ya chini ya taa hufunguliwa, taa ikainamishwa. Waislamu tumeamrishwa kuinamisha macho. Sioni kwa nini taa iachwe ikodoe.

Ikiwa hayo yamefanywa na njia bado ni giza, kama ilivyo kwa anayekwenda vijiji vya ndani usiku, hapo taa za nyongeza zina haki yake.

Wachuuzi husifu wati. Usiwasikilize sana. Nambari kubwa iliyoandikwa kwenye kasha mara nyingi haina uhusiano na kilichomo ndani, na hata ingekuwa kweli, wati ni kipimo cha umeme unaoliwa, wala si cha njia inayoonekana. La kutazama ni umbo la mwanga. Wazee wenzangu watakumbuka tofauti ya karabai na kurunzi: karabai ikitundikwa uani huangaza kila upande, mpaka macho ya wageni, kurunzi hupeleka nuru unakotaka. Zile taa za mraba zenye vijibalbu vingi vya LED vilivyopangwa kama punje za mahindi ni karabai. Zinafaa shambani, kwenye trekta au kwenye mashua. Barabarani humwaga mwanga juu na chini sawasawa, na nusu yake huingia machoni mwa watu na matawini mwa miembe. Itafuteni taa ambayo, ikimulikwa ukutani, mwanga wake hutanda kwa upana na sehemu ya juu imekatwa kwa mstari ulionyooka, kana kwamba imepigwa rula. Mwambieni mwenye duka aiwashe kwa betri mbele yenu. Asiyekubali, mwachieni taa yake. Taa iliyopitishwa kwa kanuni za kimataifa huwa na alama ya herufi E ndani ya duara pamoja na nambari, imechongwa kwenye kioo. Hiyo ni dalili njema, ingawa alama nazo huigizwa, kwa hiyo ukuta ndio shahidi wa kuaminika.

Kuhusu rangi, vijana hupenda weupe wenye kuelekea buluu kwa sababu huonekana wa kisasa. Mwanga huo huchosha na kuudhi jicho la anayekuja kuliko ule wenye umanjano kidogo. Nami ningechagua wa manjano, hasa kwa mvua za masika. Taa nyekundu mbele, au za kumetameta kama za karamu ya harusi, hazifai kabisa: nyekundu humwambia mtu kuwa anaona nyuma ya chombo kumbe ni mbele, na taa inayowaka na kuzimika humnyima mtu kukadiria umbali.

Umbali, kwa hakika, ndio faida ya taa mbili za nyongeza ambayo wengi hawaijui. Taa moja gizani haisemi iko karibu au mbali, inakuja mbio au polepole. Zikifungwa taa mbili chini, kulia na kushoto kwenye kinga ya injini, pamoja na ile kubwa ya juu hufanya pembetatu, na jicho huiona pembetatu ikipanuka kadiri pikipiki inavyokaribia. Mama anayevuka hupata kujua avuke au angoje. Kuzifunga juu ya usukani, karibu na vioo, huipoteza faida hiyo, na huziweka karibu na usawa wa macho ya watu.

Kisha umeme. Pikipiki nyingi za biashara hapa kwetu hutumia volti 12, na injini ndogo haizalishi umeme wa kuchezea. Hesabu yake ni nyepesi: gawa wati kwa volti. Taa mbili za wati 18 ni wati 36, ambazo kwa volti 12 ni ampea tatu, karibu sawa na kuongeza taa kubwa nyingine ya halojeni ya wati 35. Hapo pikipiki nyingi hustahimili. Zaidi ya hapo, betri itakuwa inakufa kidogo kidogo, hasa pikipiki ikisimama na injini ikinguruma kwa chini, kama kwenye foleni ya feri ya Likoni. Fundi asiunganishe waya za taa mpya kwenye waya wa taa ya zamani. Waya ule ni mwembamba, hupata moto ukayeyuka, na chini ya tangi la petroli hapana mzaha. Waya wake utoke kwenye betri, karibu na betri pawe na fyuzi ya ampea tano, na swichi iamrishe rilei. Fundi akisema rilei ni kupoteza pesa, mshukuruni mwende kwa mwingine.

Swichi hiyo iwe karibu na kidole gumba, ili kijana azime taa za nyongeza kwa harakati moja anapomwona mwenzake anakuja. Na kwa hewa yetu ya chumvi, vishikilio viwe vya chuma kisichoshika kutu, viungo vya waya vipakwe grisi, na taa iwe na mpira wa kuziba maji. Alama ya IP67 maana yake taa huzuia vumbi na hustahimili kuzama hadi mita moja ya maji kwa nusu saa.

Nisisahau nyuma. Mama anayepanda bodaboda hukaa upande wa nyuma, na taa nyekundu ya nyuma ndiyo inayomlinda yeye. Itazameni kabla hamjapanda. Nanyi mnaotoka na mabuibui usiku, chukueni tochi, au simu iliyowashwa mkaielekeza miguuni. Hapana haramu ndani yake.

Juma lilipotimia nilimjibu mama yule hivi: mpe mwanao fedha, lakini umpe kwa sharti, kwa kuwa mwenye kutoa mali ana haki ya kuweka sharti. Taa iwe ya mwanga uliokatwa, ifungwe chini, iwe na swichi yake, na mwanga upimwe mbele ya macho yako. Ukimpa bila kujali, na unajua, basi hofu yako ina msingi.

Kijana alikuja baada ya Isha, usiku wa Ijumaa, na taa zake mbili za manjano. Tulizipima kwenye ukuta wa madrasa, mama yake amekaa nyuma akishika kibegi chake kwa mikono miwili. Mara ya kwanza mwanga ulipanda juu ya chaki kiasi cha shubiri, na mama akawa wa kwanza kusema, "Shusha." Fundi alishusha mara mbili. Mstari ule wa chaki bado upo. Vijana wengine watatu wamekuja nao tangu siku ile, mmoja amekuja na mkewe, na nimewaambia wanafunzi wanaofagia wasiufute.