Taa ya injini imewaka? Usikimbilie spea, iulize kwanza

Ile taa ya manjano yenye umbo la injini ikiwaka kwenye dashibodi, wewe hufanya nini? Wengi wetu tuna mbinu mbili. Ya kwanza ni kujifanya hatujaiona. Ya pili ni kwenda gereji, kumwambia fundi "kuna taa imewaka" kwa sauti ya mgonjwa, halafu kungoja atutajie bei. Nimewahi kupanda Probox kule Makueni ambayo dereva alikuwa ameifunika taa hiyo kwa tepu nyeusi ya stima. Juu ya tepu akabandika stika ya "Mungu Mbele".

Binamu yangu wa Wote hakuwa na tepu. Alikuwa na mkopo wa sacco. Probox yake hubeba abiria kati ya Wote na Kathonzweni, na msimu wa maembe ukifika huingia zile barabara za vumbi mashambani kubeba kreti. Desemba moja taa ikawaka, gari likaanza kutetemeka likiwa limesimama, na kwenye mlima likawa linapanda kama mzee mwenye magoti mabaya. Gereji moja ikampima kwa kompyuta kwa shilingi 2,000, ikamwambia abadilishe sensa mbili za oksijeni na "pengine kompyuta ya gari pia". Jumla: 38,000. Usiku huo alinipigia simu kuniuliza kama namjua mtu wa kununua mbuzi wanne.

Nikamuuliza, "Walikuonyesha nambari?"

Kimya. "Nambari gani?"

Hapo ndipo nataka mimi na wewe tuanzie.

Gari lolote la petroli lenye kompyuta hujipima lenyewe muda wote. Kuna sensa ya joto la maji, ya hewa inayoingia, ya pedali, ya oksijeni kwenye ekzosti, na kadhalika. Sensa mojawapo ikileta habari isiyoingia akilini, kompyuta huwasha taa na kuandika nambari kwenye kumbukumbu yake. Mafundi huziita kodi, lakini tulia, KRA haihusiki. Na usidhani mfumo huu ulibuniwa kwa huruma ya mifuko yetu. Ulitokana na moshi wa magari kule California, Marekani, na kufikia 1996 kila gari jipya dogo lililouzwa Marekani lililazimika kuwa na soketi ya aina moja na lugha ya nambari inayofanana. Ulaya na Japani zikafuata. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lenye zaidi ya miaka 8, gari lililotoka bandarini Mombasa hivi karibuni lina soketi hiyo.

Iko wapi? Inama upande wa dereva, papasa chini ya usukani karibu na magoti. Utakuta kitu cha plastiki chenye matundu 16. Hapo ndipo fundi huchomeka mashine yake. Na hapo ndipo wewe unaweza kuchomeka kidude cha Bluetooth, kidogo kuliko kiberiti au kikubwa kidogo tu, kinachouzwa kwa jina la ELM327. Vingi ni nakala za bei nafuu na havifikishi 2,000. Unaweka programu kama Torque kwenye simu ya Android, unawasha swichi, unaunganisha, unasoma. Hesabu mwenyewe: bei ya kupimwa mara moja inanunua kidude cha kupimia miaka. Ila ukimaliza kichomoe, kwa sababu soketi hiyo hupata umeme wa betri hata gari likiwa limezimwa. Ukikisahau wiki nzima, utaniita majina.

Nambari yenyewe ina herufi moja na tarakimu nne. P ni injini na gia, B ni bodi, C ni mambo ya chini kama breki za ABS, U ni kompyuta za gari zenyewe kukosa kuelewana. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, maana yake ni ileile kwa magari ya kampuni zote. Ikiwa 1, mara nyingi ni siri ya kampuni husika, kwa hivyo tafuta maana ya modeli yako hasa. Zinazofuata hukwambia mtaa: 3 ni moto wa plagi, kwa mfano. P0301 ni kwamba silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, hivyo hivyo hadi uishiwe na silinda.

Sasa sikiza sehemu ambayo wengi huteleza. Nambari haikwambii ununue nini. Inakwambia gari linalalamikia wapi. Mtoto akilia ameshika tumbo, si lazima tumbo ndilo bovu; pengine ana njaa. Ukiona nambari inayotaja sensa ya oksijeni, inawezekana sensa ni nzima kabisa na inaripoti kwa ukweli kitu kibovu kilicho mbali nayo.

Nilifika Wote Jumamosi. Nambari ilikuwa moja tu, P0171: mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Nikajiona daktari. Nikaifuta nambari kwa kidole, taa ikazima, binamu akaninunulia soda. Jumatatu jioni taa ilikuwa imerudi.

Kosa langu lilikuwa la kijinga na nalitaja ili usilirudie. Kufuta nambari si kutibu. Tena, pamoja na nambari, kompyuta huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa wakati kosa lilipotokea: mwendo, joto, mizunguko ya injini. Ukifuta, picha nayo inaenda. Nilikuwa nimechoma ushahidi kabla ya kuusoma. Piga picha ya skrini kwanza, yote, ndipo ushike kitufe chochote.

Mara ya pili nilitulia. Kwenye programu kuna kipimo kinachoonyesha kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kwa asilimia ngapi ili kusawazisha mchanganyiko. Gari zima hucheza karibu na sifuri. La binamu, likiwa limesimama linanguruma, lilikuwa likiongeza karibu 30. Nikamwambia akanyage mafuta hadi mizunguko 2,500 na ashikilie. Ikashuka hadi 6.

Hiyo shuka ndiyo jibu. Kama pampu ya petroli ingekuwa imechoka, hali ingezidi kuharibika injini inapodai mafuta mengi. Lakini ikiwa kuna hewa inayojipenyeza mahali ambapo haijapimwa, tundu hilo lina uzito mkubwa injini ikivuta hewa kidogo, na huwa si kitu inapovuta hewa nyingi. Kwa hivyo tukaacha kuwaza sensa tukaanza kutafuta tundu. Tulilipata kwenye bomba la mpira linalotoka ea klina kwenda kwenye injini, katika yale makunjo yake, upande wa chini ambako macho hayafiki. Ufa wa urefu wa kidole. Injini ikitikisika unafunguka, ikitulia unajifunga. Vumbi jekundu lilikuwa limejipanga kuzunguka ufa kama poda.

Bomba lililotumika tulilipata kwa 1,500. Mbuzi wako salama hadi leo, isipokuwa mmoja aliyeliwa Krismasi, na huyo hakuwa na uhusiano wowote na gari.

Sitaki uelewe kwamba mafundi ni wezi. Fundi mzuri angelipata bomba hilo haraka kuniliko. Tatizo ni kwamba sisi wateja humpa fundi habari ya "kuna taa," naye akiwa na foleni ya magari matano anabahatisha kwa pesa zetu. Mpelekee nambari, mwambie gari linasumbua likiwa baridi au moto, limesimama au mlimani. Mazungumzo hubadilika papo hapo. Na akisema kitu kibadilishwe, muulize amekipima vipi. Fundi anayejua kazi hachukizwi na swali hilo.

Kuna nambari moja ambayo nakuomba uifikirie mara mbili: P0420, kwamba masega yaliyo ndani ya ekzosti hayasafishi moshi inavyotakiwa. Yanaweza kuwa yamechoka kweli. Lakini masega hayo yana madini ya thamani kama paladiamu na yana soko, na kuna magari yanayoingia gereji yakiwa nayo na kutoka bila nayo. Ikiwa taa iliwaka siku chache baada ya gari kulala kwa mtu, inama uangalie chini kabla ya kulaumu sensa.

"Sawa," utasema, "lakini gari la nyumbani kwetu ni la zamani, halina soketi hiyo." Vizuri. Hilo ndilo linanipendeza zaidi, na lilinipata Kitui.

Julai iliyofuata nilipitia Kibwezi, ile lami inayovuka mto Athi na kukupeleka Ikutha, Mutomo hadi Kitui mjini, kumwona mjomba wangu. Ana Corolla 100 ya miaka ya tisini, gari analolipenda kuliko baadhi ya jamaa zake. Malalamiko yake: asubuhi kukiwa na baridi halishiki hadi lisukumwe, lakini saa sita mchana linashika mara moja. Alikuwa ameshabadilisha plagi, kisha betri, na sasa alikuwa anaangalia bei ya stata.

Kidude changu hakikuwa na pa kuingia. Lakini Toyota za wakati ule zinaongea bila simu. Fungua boneti, tafuta kisanduku kidogo cheusi kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Unataka mawili: TE1 na E1. Unayaunganisha kwa kipande cha waya au klipu ya karatasi iliyonyooshwa. Hakikisha ni hayo mawili, kwa sababu ukigusa +B utachoma fyuzi ukiwa na bahati, na kompyuta ukiwa huna. Halafu gari likiwa nyutro, redio na taa zimezimwa, geuza ufunguo hadi ON bila kupiga stata, na utazame taa ya injini.

Ikipepesa mfululizo kwa haraka, bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikiwa kuna kosa, inapepesa kwa kuhesabu: mara kadhaa, inapumzika kidogo, mara kadhaa tena. Makumi kwanza, halafu mamoja. Zikiwa nambari kadhaa huanzia ndogo kwenda kubwa, kisha zinarudia tangu mwanzo, kwa hivyo ukikosa hesabu usihofu.

Mjomba alikaa kwenye usukani akihesabu kwa sauti kama mwalimu wa nasari. "Moja, mbili. Moja, mbili." Ishirini na mbili. Nikamwambia arudie. Ishirini na mbili tena.

Kwa Toyota za enzi hizo 22 ni mzunguko wa sensa ya joto la maji. Na ukijua kompyuta inavyofikiri, kila kitu kinajipanga. Ikikosa habari ya joto, haitaki kukuacha njiani, kwa hivyo inajifanya injini ina nyuzi 80, joto la kawaida la kazi. Sasa asubuhi ya Julai injini ni baridi, inahitaji petroli nyingi ili ishike, lakini kompyuta inaamini ni moto na inaipa kidogo. Mchana, baada ya injini kupata joto, uongo na ukweli vinakaribiana, gari linashika. Plagi hazikuwa na kosa. Betri haikuwa na kosa.

Wala sensa. Waya moja nyuma yake ilikuwa imetafunwa na panya, shaba inang'aa. Tulikata, tukaunganisha, tukafunga kwa tepu (ile ile nyeusi, ikipata kazi ya heshima sasa), tukachomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika kufuta nambari, tukairudisha. Mjomba alitazama zile plagi zake za zamani zikiwa kwenye bati la kakao dirishani. Hakusema neno.

Mambo mawili kabla hujaenda kuinama chini ya usukani. Kuna Toyota za Japani za mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzo wa elfu mbili ambazo soketi ya matundu 16 zinayo ila zinakataa kuongea na simu. Nyingi ya hizo hukubali klipu: tundu la 4 na la 13, na taa inapepesa vilevile. Na ikiwa unanunua gari kutoka kwa mtu, geuza ufunguo hadi ON kabla ya kuliwasha. Taa ya injini ni lazima iwake, kisha izime gari likinguruma. Isipowaka kabisa, kuna aliyeinyamazisha, na unataka kujua ni kwa nini kabla hujatuma pesa.

Ah, na taa hiyo ikianza kupepesa yenyewe ukiwa barabarani, injini inamisi vibaya. Punguza mwendo utafute pa kusimama. Taa nyekundu ya oili au sindano ya joto ikipanda juu kabisa, zima injini hapo hapo. Hizo hazina haja ya simu wala klipu.

Mjomba sasa ana klipu yake ndani ya gari, imefungwa kwenye karatasi aliyoandika TE1–E1 kwa kalamu nyekundu. Jirani yake mwalimu ameshasikia, na Jumapili ataleta Nissan. Nimemwambia mjomba kwamba Nissan zina utaratibu wao tofauti kabisa na asiguse kitu hadi nifike. Namjua. Atagusa.